Thelathini na Saba

Jumatatu, 3/6/2024
Machimboni Lugoba. Mwamba umepasuka, unaning'inia. Nyapara Bwanausi anataka mawe ya chini yake yatolewe. Hakuna anayekubali. Kasema ipigwe kura, Mungu achague. Akamwita Mikdad, shemeji yangu, ndugu wa marehemu mke wangu. Juzi tu Mikdad kamchapa Bwanausi kofi, kisa kunyimwa glovu.
Kura ya namba. Chagua tarakimu, moja mpaka tisa, usimtajie. Iandike mara tatu. Gawanya kwa jumla ya hizo tatu. Ikitoka 37, unaingia. Mikdad kabonya simu yake. 37. Sisi wengine tukashusha pumzi. Nani ajaribu yake? Namba ya kifo haichezewi.
Alipokuwa anafunga kitambaa kaninong'oneza, "Nane imenitupa, shemeji. Nane tatu."
Mwamba ukaja nusu. Tumemchimbua kwa sepetu. Mguu tumeukuta pembeni.

Jumanne, 4/6
Tumezika. Nimesema mbele ya watu, ule mwamba Bwanausi alijua. Alikuwepo, kasikia.

Alhamisi, 6/6
Asubuhi kaniita. "Mzee Shuaibu, leo kura yako."
Nimechagua nne. 444. Jumla kumi na mbili. 37.
Halafu — Mikdad si alikuwa na nane?
Nikasema naenda kukojoa. Nyuma ya lori nimebonya zote. 111 kwa 3, 37. 222 kwa 6, 37. Mpaka 999. Zote! Zote ni 111 imezidishwa. Unachozidisha juu ndicho unachozidisha na ile 3 ya chini. Kinabaki kilekile.
Hakuna kura. Anamwita anayemtaka afe.
Nimemwonyesha Mwinjuma, tunayepasua naye mawe. Katema mate. "Basi kamuua."
Nyundo yangu imemvunja Bwanausi taya. Wenzangu wakamalizia kwa mateke. Sasa kafungwa kamba mbele ya mwamba uliobaki. Unadondosha vumbi. Wananisubiri mimi, mwenye msiba, niseme aingie au asiingie. Nimeomba nikae kidogo. Naandika.
Mwinjuma kamwekea simu usoni. "Chagua, bosi. Yoyote."
Analia. Anataja watoto wake. Mikdad naye anao.
"Chagua."
Katema damu. Kasema, "Sifuri."
Nimebonya 000 kwa 0. Simu imegoma, haileti kitu.
Kumbe aliijua. Namba pekee isiyoua, ile aliyotunyima.
Wote wamenigeukia. Mwinjuma ananipa mtaimbo.