Mikono ya Saruji na Binti wa Miezi Minne

Tarehe 3 Machi. Leo ni miezi kumi na moja na siku tisa tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa Shangazi wa gazeti, shikamoo. Naomba unishike mkono, ingawa ungeuona usingeushika. Mimi ni fundi wa kupiga plasta, shule niliiachia darasa la sita, na nimechoka hadi kope, lakini nina furaha inayonifanya nicheke peke yangu juu ya jukwaa, kwa sababu mke wangu alijifungua binti, sasa ana miezi minne na sijambeba hata mara moja, na kwenye simu naambiwa ana masikio yangu, maskini. Tatizo ni mikono. Imekuwa myekundu, ina joto, inawasha, imepasuka kama sakafu iliyokaushwa kwa haraka, na wenzangu chumbani wamenitengea kikombe na ndoo. Kila jioni naisugua kwa mchanga na mafuta ya taa ili kuua wadudu, wala hawafi. Nikataka kujua kama naambukiza, basi nikamchagua msimamizi wetu, mtu wa matusi, nikawa namsalimia kila asubuhi kwa mikono miwili, wiki tatu mfululizo. Amefurahi, anasema siku hizi nina adabu. Ngozi yake bado laini kama yai lililomenywa, sasa sijui niamini ngozi yake au maneno ya wenzangu. Mke wangu anasema, "Ukifika tu nakukabidhi mtoto, mgongo wangu unadai likizo." Sijamwambia kitu. Nimbebe kwa viwiko, Shangazi? Natoka hapa tarehe 18, nafika nyumbani tarehe 20.

Baba Masikio

Marahaba, Baba Masikio. Hongera kwa binti, na aibu kwa salamu zako. Ungekuwa na ugonjwa wa kuambukiza, msimamizi angempelekea mkewe, ambaye hajakutukana.

Nimemsomea daktari wa ngozi barua yako. Alicheka kwanza, kisha akasema hiyo inafanana na kazi ya saruji, si ya wadudu. Chembe za ngozi zikiumizwa na saruji mbichi hutoa kemikali, kama mtu anayepiga yowe la mwizi. Mishipa ya damu inatanuka, askari wa mwili wanamiminika, ndiyo wekundu, joto na uvimbe huo. Mwizi akiondoka, hutolewa kemikali nyingine za kuwarudisha askari kambini. Wewe sasa, jioni wanapofunga virago, unawaletea mchanga na mafuta ya taa. Yowe upya. Baba mzima unajipiga mwenyewe.

Acha leo. Osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha, paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Glavu zivae mikono ikiwa safi, na saruji ikiingia ndani, zivue. Kesho nenda zahanati wakuhakikishie, wakupe dawa ya kupaka ya kutuliza yowe hilo, na usiazime ya jirani. Mwombe msimamizi akuweke mbali na saruji mbichi hadi utakapoondoka, maana mmeshakuwa marafiki. Na mkeo mwambie leo hii, si mlangoni.

Zahanati wakithibitisha ni saruji na hakuna usaha, tarehe 20 viwiko vipumzike. Mpokee mtoto kwa mikono miwili, kama unavyomsalimia msimamizi, ila safari hii kwa nia njema.