Mto wa Nne Kwenye Mlango wa Gari

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kyerwa. 9/7/2025, saa 3:10 asubuhi.
Jina: Costansia Anatory. Umri: miaka 23. Dini: Mkristo. Elimu: darasa la saba. Kazi: kulinda magari siku za soko. Makazi: Rubwera.

Afande, kwanza niwie radhi kwa kuchelewa. Maneno haya ningeyasema jana palepale sokoni. Nilikuwa na mtoto mgongoni ana homa, nikaogopa. Leo amenyonya, amelala. Nasema.

Kazi yangu ni kukinga milango ya magari. Sokoni kwetu baiskeli za mikungu ya ndizi hupita zikibanana na magari. Mkungu ukigusa, mlango umebonyea. Nimeshona mito ya gunia, nikaijaza majani makavu ya mgomba, minne kwa kila gari. Naining'iniza milangoni kwa kamba za mgomba. Kiangazi kamba hizo lazima uziloweke kabla ya kufunga, la sivyo zinakatika.

Mnamo tarehe 8/7/2025 asubuhi sikuziloweka. Nilikuwa zahanati na mtoto. Saa 4:20 alifika Bw. Egbert, mnunuzi wa kahawa, na gari lake jeupe. Mito mitatu ilishika. Wa nne, mlango wa nyuma kushoto, kamba ikakatika. Nikaokota waya, nikaufungia. Ncha yake sikuikunja.

Saa 8:15 mchana Bw. Egbert alirudi, akaung'oa mto ule, akautupa chini. Mlangoni palikuwa na mkwaruzo mrefu. Karekezi, anayeleta mikungu kutoka Songambele, alikuwa anapita na baiskeli yake. Bw. Egbert akamkamata shati.

"Wewe! Macho umeyaacha shambani?"

"Mzee, ndiyo kwanza naingia. Hata mkungu mmoja sijashusha!"

"Utawaeleza polisi."

Karekezi akanigeukia. "Mama Dastan, si umeniona nikiingia? Sema basi, dada yangu."

Niliangalia chini. Nikambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

Walipoondoka niliuokota mto. Ncha ya waya ina rangi nyeupe. Nimeuleta hapa, waya sijaugusa. Karekezi hakuligusa gari lile. Mkwaruzo ni wangu.

Nimeulizwa kama nimetumwa. Hapana. Mume wangu alisema, "Nyamaza, ulee mtoto." Nikamwambia, namlea, ndiyo maana naenda. Habari ya mlango nitazungumza na Bw. Egbert mimi mwenyewe.

Ninayoomba ni haya. Karekezi atoke mahabusu. Apewe baiskeli yake na mikungu yake minne leo hii, kabla ndizi hazijaiva. Mito yangu mitatu iliyoondoka na gari nirudishiwe, Ijumaa ni soko. Huo wa nne bakini nao.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Hayo ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: C. Anatory

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake saa 3:55 asubuhi, ameyakubali. Ameomba liongezwe jambo moja: kamba za Ijumaa ameshaziloweka.