Nyumba Iliyonyamaza kwa Heshima Yangu

Temeke, Alhamisi. Mvua ya alfajiri imelaza vumbi, na jua lililofuata halikuwa na hasira. Nimeamka sasa hivi kutoka usingizi wa mchana, alama za mkeka zimenikaa shavuni, na moyo wangu mwepesi kama wa kijana.

Niandike kabla haujawa mzito tena.

Kuna jambo ambalo hadi leo sikuwahi kumwambia mtu. Ziko sauti ndogo zinazonilegeza. Sisemi ngoma wala kinanda. Nasema sauti ya mtu anayefanya kazi ya mikono taratibu, akirudia jambo lile lile, bila kujali kama anasikilizwa. Nikiisikia, kitu huanza kunitambaa kisogoni, kikateremka shingoni, kikasambaa mabegani. Mwili husisimka, kisha hutulia wote.

Nilikijua kitu hiki nikiwa mtoto, kwetu Tabora. Mama alikuwa akimenya karanga za mbegu. Karanga za mbegu hazitwangwi. Hupasuliwa moja moja kwa vidole, punje isichubuke. Ganda lilipasuka kwa mlio, punje zikadondoka kibuyuni, kisha ganda jingine. Nililaza kichwa pajani pake na sikutaka karanga zile ziishe.

Vitabu nimesoma vingi. Sijakiona kikitajwa popote.

Nilipofika pwani, Mjerumani ndiyo kwanza alikuwa ameondoka. Nilisema nitakaa kidogo, nikapata ukarani, nikaoa, nikazika. Mvi zimeota chini ya Mwingereza na Tabora imebaki kwenye masikio tu.

Lakini nilikuwa na Bi Tatu. Ni mpangaji mwenzangu, mjane wa Kizaramo. Kila mchana hukaa kichochoroni chini ya dirisha langu kwa sababu pana kivuli, akasuka mikeka. Kwanza huchana ukindu kwa kisu, sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kisha husuka, na majani makavu hunong'onezana. Mara kwa mara hupitisha kidole gumba juu ya ukili, ule ukanda uliokwisha sukwa, kuulainisha.

Hapo kwenye kidole gumba ndipo ninapopotea.

Wiki iliyopita Mzee Shomari, mwenye nyumba wetu, alinikuta dirishani na kitabu mkononi, nimefumba macho na kukunja uso. Akadhani naudhika. Ni mtu mwema sana. Akaingia uani na kufoka, "Karani anasoma! Nyie hamna haya?" Watoto wakafukuzwa, kinu kikahamishwa, na Bi Tatu akapelekwa nyuma ya jiko na ukindu wake. Kisha akaja kwangu kusubiri asante.

Nikampa. Ningefanyaje?

Tangu siku ile nalala ndani ya kimya kama shati ndani ya sanduku. Nasikia moyo wangu mwenyewe, na si sauti inayotuliza mtu wa umri wangu. Nilijaribu kuchambua mchele peke yangu. Haikusaidia: sauti hizi hazimfai anayezitoa, kama vile mtu asivyoweza kujitekenya. Usingizi wa usiku nao ukanikimbia. Jana nilimkaripia muuza maji bila kosa, akaniangalia kwa huruma. Nikajua siwezi kuendelea hivi.

Dawa niliijua. Kuiomba ndiko kulikonishinda. Mimi mjane, yeye mjane. Ningemwambia, "Rudi dirishani kwangu, nikikusikia mwili unanisisimka," Temeke nzima ingekuwa imekula wali wa harusi kabla ya Ijumaa.

Leo, nikila chakula cha mchana, nikakumbuka: mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Ni watani! Wazee wetu, wangu wakiwa wapagazi, walikutana njiani kwenye misafara ya mizigo, wakatuachia ruhusa ya kuambizana lolote na asiwepo wa kununa. Nikavaa kofia, nikaenda uani, mbele ya watu wote.

"Bi Tatu, nyie Wazaramo wezi. Umeniibia usingizi wangu, nimekuja kuudai."

Hakuinua hata uso. "Makubwa! Mnyamwezi siku hizi hata usingizi anabebewa? Mizigo imekushinda?"

Uani wakaangua kicheko. Nami nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena. Nikawaambia ukweli wote: kitabu kilikuwa kisingizio, na kinacholala nami kila mchana ni sauti ya ukili wake.

Masikio yakaniwaka moto.

"Kinacholala naye!" akasema mmoja, na kicheko cha pili kikapita cha kwanza.

Bi Tatu yeye hakucheka. Alivuta ukili aliokuwa akiusuka, akaunyoosha mbele yangu. Ulikuwa umekwenda upande, huku mpana, huku mwembamba.

"Unauona? Tangu niletwe huku nafumua tu. Unadhani pale dirishani mie nilikuwa sikusikii ukikoroma? Mkono wangu umezoea kufuata mkoromo wako, Karani. Ukivuta, navuta. Ukishusha, nakaza."

Mzee Shomari akatokeza mlangoni, amekunja ndita. "Karani, wanakusumbua hawa?"

"Hapana, Mzee Shomari. Wananituliza. Warudishe wote, na kinu pia."

Alibaki ananitazama kama mtu aliyeanza kuumwa. Bi Tatu akainuka, akanipokonya kofia kwa haki ya utani, akaivaa juu ya kanga, akabeba ukindu wake hadi kichochoroni. Nikamfuata kichwa wazi.

Nimelala kama mtoto wa Tabora.

Sasa naandika na yeye bado yuko pale chini. Kidole gumba kimepita juu ya ukili, na herufi zangu zimeanza kuinama. Kofia yangu hajairudisha. Nitaidai kesho, nikishaamka.