Alama Baada ya Amina

Jumatano, mwezi wa saba, 1999. Thika.

Hujambo, wewe unayesoma? Natumaini u mzima, na kifua hakikusumbui kwa baridi hii. Mimi sijambo kwa neema ya Mungu. Asubuhi kutoka Ruiru hadi hapa kulikuwa na ukungu mtupu, lakini sasa nikiandika moyo ni mwepesi. Acha nikwambie yaliyonipata.

Kituo chetu kidogo cha redio kimenunua kompyuta inayopiga rekodi zenyewe zikifuatana, bila mtu kubadilisha kanda. Lakini kompyuta haijui wimbo unaanzia wapi wala sala inaishia wapi. Lazima mtu aiwekee alama: moja pale sauti inapoingia, nyingine pale rekodi inayofuata itakapodakia. Hapa tunaziita kyu. Ukikosea, msikilizaji anapata kimya, ama kwaya inamwingilia mhubiri katikati ya neno.

Mimi niliishia darasa la saba. Miaka sita nimekuwa nikipanga kanda kwenye rafu. Jumatatu meneja wetu, Bwana Kamande, alinipa rekodi sabini za Jumapili, nyimbo, mahubiri na sala, niziwekee kyu kabla ya Ijumaa jioni.

"Ukiweza, Mama Wangari, kazi ya kompyuta ni yako. Ukishindwa tutaleta mtu wa Nairobi, wewe urudi kwa kanda."

Na kanda zenyewe zinaisha. Nilijua kurudi kwa kanda ni kurudi nyumbani Kiuu, kule Ruiru, nikae.

Hadi jana jioni nilikuwa nimemaliza tisa.

Tisa tu.

Leo asubuhi Abdalla, mtangazaji wetu wa habari anayetoka Kamenu, alisimama mlangoni akanitazama. Kwenye spika mhubiri alikuwa akiombea wagonjwa. Mimi nimefumba macho, mikono nimeshikanisha.

"Umelala, Mama Wangari?"

"Naomba, Baba Rukia."

"Na kyu?"

Nikafumbua macho. Amina ilikuwa imeshapita, na alama sijaweka. Tena haikuwa mara ya kwanza.

Hiyo ndiyo siri niliyokuwa naficha. Haikuwa kompyuta iliyonishinda. Mtu akisema "tuombe", macho yangu hujifunga, ni hivyo tangu nikiwa msichana. Basi kila sala niliiomba hadi mwisho, mahali pa alama pakanipita, nikarudisha, nikafumba tena. Na kila mahubiri niliyasikiliza yote, hata ya nusu saa. Kuliruka neno la Mungu niliona ni dhambi.

Abdalla alicheka hadi akashika mlango. "Mimi naswali mara tano kwa siku, nakuwa nimechoka. Wewe unataka sabini? Hata malaika wanaoandika watagoma."

Nilicheka pia. Halafu nikatoka nje nikalia kidogo.

Huko nje ndiko nilikojiuliza: ile sala ni ya nani? Kuna mama amelala mgonjwa mahali, Jumapili ataisikia. Mimi nimewekwa hapa niifikishe kwake ikiwa nzima.

Nikarudi ndani. Nikaomba mara moja, kwa ajili ya rekodi zote pamoja, nikafungua macho nikayaacha wazi.

Sasa nasikiliza mwanzo tu. Kwaya zetu unazijua, mwalimu hutoa kwanza sauti, do, mi, so, kwa hivyo kyu naiweka waimbaji wanapoingia. Halafu naruka hadi nusu dakika ya mwisho, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Amina ikitamkwa naacha pumzi moja, msikilizaji naye afumbue macho, ndipo nabonyeza. Sihangaiki tena kutafuta mahali pa alama kwa kipanya cha kompyuta. Mwisho nasikiliza pale rekodi mbili zinapokutana, pakiwa sawa naendelea.

Kufika saa kumi nilikuwa na arobaini na nne. Bwana Kamande alipita, akasikiliza sehemu tatu, akasema tu, "Haya, endelea." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Zimebaki ishirini na sita, na siku mbili. Mungu akipenda nitamaliza.

Jumapili asubuhi fungua redio. Ukisikia sala imekatwa, ama kimya kirefu, usinionee haya. Niandikie upesi uniambie ni rekodi gani, nami Jumatatu nitakuwa hapa hapa nikiirekebisha.