Friza ya Bibi Lempi

Shamba la Saarela
Barabara ya Ziwa Dogo, Minnesota
Jumapili, 22 Novemba 1987

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na kwamba vidole vyako havikusumbui kwa baridi ya kaunta ya nyama. Mimi ni mzima. Baba ni mzima isipokuwa mgongo, na baba mdogo Toivo ni mzima kuliko sisi sote, maana anakula kwa watu wawili. Musti naye bado yu hai, ingawa siku hizi hambwekei mtu mpaka awe amekwisha ingia ndani.

Najua utashtuka kuipata barua hii. Pengine hata mwandiko wangu hutautambua, kwa kuwa mara ya mwisho ulipouona nilikuwa bado naandika herufi kubwa kubwa kama mayai. Mimi mwenyewe leo ni siku ya nane nimeshtuka na sijatulia. Naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka. Mwalimu Haugen hutufundisha kuanzia pale jambo lilipoanzia, kwa hiyo nitaanza na friza.

Jirani yetu Bibi Lempi Kinnunen alifariki tarehe kumi na tisa Oktoba. Kama hukupata habari, nisamehe kwa kukupasha hivi hivi. Siku mbili kabla, Baba na mimi tulikwenda kumwona hospitali. Alimkamata Baba kwa mkono wa shati akamwambia anunue friza yake, asimwachie mtu mwingine yeyote, na asithubutu kuifungua bila mimi kuwapo. Baba alidhani ni dawa ndizo zinazomsemesha, lakini alimwahidi, na Bibi akamwachia shati.

Wapwa zake wa California waliweka mnada Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi huu, katikati ya msimu wa kuwinda kulungu. Unaweza kuwaza jinsi watu walivyosema. Wanaume wote walikuwa msituni, na waliokuja mnadani walikuwa kina mama, wachungaji wawili, na Baba, ambaye hajawahi kukosa Jumamosi ya msimu tangu alipotoka jeshini. Mama Haapala alimuuliza kama ana homa.

Friza ilikuwa palepale kwenye kibaraza cha nyuma, nyeupe iliyogeuka rangi ya siagi, pembe zake za mviringo, na lile komeo la chuma kama la mlango wa gari la zamani. Ilikuwa inanguruma kama kawaida yake. Dalali alijaribu kuinua mfuniko ukakataa, ulikuwa umeshikwa na barafu. Akatangaza kwamba inauzwa pamoja na vilivyomo, wawe ni samaki au awe ni marehemu mzee Kinnunen mwenyewe. Watu walicheka sana, hata wachungaji. Aliyeshindana na Baba alikuwa mwuza vitu vya kale kutoka Duluth, na yeye alitaka komeo tu. Kila alipotaja bei, Baba aliinua kidole bila kumtazama, mpaka yule bwana akachoka akaenda kutazama saa za ukutani.

Baba mdogo Toivo aliitwa kutoka msituni kusaidia kuibeba, na alikuja akilalamika njia nzima. Alimwambia Baba kwamba hiyo si friza bali ni jeneza lenye waya, ina umri sawa na yeye Toivo na haijapata hata siku moja ya likizo, na itakula umeme kuliko ng'ombe wanavyokula majani. Baba alimjibu kwamba hata yeye Toivo anakula hivyo na hakuna aliyemwuza. Watu wanne waliipandisha kwenye pikapu, na tuliifikisha nyumbani bila kitu kuyeyuka, maana nje kulikuwa na baridi kuliko ndani yake.

Tuliiweka kwenye chumba cha nyuma, pale ulipokuwa ukiweka ndoo za maziwa. Baba mdogo Toivo alitaka kuling'oa komeo kabla ya jambo lolote, kwa ajili ya watoto wa jirani, wasije wakajifungia ndani, nasi tukamngoja na bisibisi yake. Kisha Baba alimimina maji ya moto ya birika kuzunguka ukingo wa mfuniko, akavuta, na ukafunguka kwa mlio kama wa mti unaopasuka.

Mwanzoni hapakuwa na cha kushangaza. Juu kulikuwa na maboksi ya maziwa yaliyojaa samaki waliogandishwa ndani ya maji, na mwandiko wa Bibi Lempi uliokuwa ukitetemeka. Baba mdogo alianza kuhesabu milo. Lakini nilipoondoa kile kikapu cha waya, chini yake nilikuta vifurushi vya karatasi nyeupe ya nta, vimekunjwa pembe kama shuka za hospitali, kila kimoja kina muhuri wa Duka la Ushirika la Alder Crossing, kaunta ya nyama. Nikasoma cha kwanza kwa sauti: beri za buluu, nyuma ya reli, tarehe tisa Agosti 1987.

Baba alininyang'anya. Sijawahi kumwona akininyang'anya kitu. Aliweka kidole juu ya ile saba yenye kistari katikati, akasema polepole kwamba hiyo ni saba ya Elaine, yaani yako. Baba mdogo Toivo akasema haiwezekani, Elaine yuko Arizona kwa dada yake.  Baba alikaa chini, juu ya ndoo, na karatasi ikaanza kulowa mikononi mwake.

Mama, nilipiga hesabu palepale. Alder Crossing ni mwendo wa saa moja kwa gari! Na nyuma ya reli ni palepale tulipokuwa tukichuma mimi na wewe, pale ukisimama unaliona paa letu. Agosti hiyo hiyo nilikuwa juu ya paa namsaidia Baba kupiga misumari. Ndipo nikakumbuka kwamba kila Jumapili ya pili ya Agosti Bibi Lempi alikuwa akinikataza nisiende kwake, akisema kichwa kinamgonga na hataki kuona mtu. Nami nilikuwa namwonea huruma!

Vilikuwako vifurushi kumi na kimoja. Cha mwisho kilikuwa kirefu na chepesi. Kilikuwa kimeandikwa: mkate wa iliki, wa Taimi, tarehe tano Desemba, miaka kumi na mitano.

Miaka mitatu mfululizo, kila siku yangu ya kuzaliwa, Bibi Lempi alinijia na mkate wa iliki uliosukwa kama nywele za msichana. Nilipomshukuru alikuwa akinifokea: “Kula, usiulize maswali!” Na sikuuliza. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, hata vifungo vya sweta yake mimi ndiye niliyekuwa namfungia. Mtu wa vidole vile angesukaje mkate? Mwalimu Haugen huandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mwanafunzi mwangalifu. Nitamwomba afute.

Chini kabisa, kwenye barafu, kulikuwa na kopo la kahawa, na ndani yake karatasi ya Bibi Lempi kwa Baba. Nimeinakili hapa kama ilivyo: “Reino, nilimwapia Elaine nitanyamaza mpaka nife. Sasa nimekufa. Hajaonja tone la pombe tangu Machi ya 1984. Alikuandikia ukamnyamazia, ndiyo maana akaniapisha. Wewe ni mtu mzuri lakini ni mkaidi kama kisiki. Samaki ni wa Toivo.”

Baba mdogo Toivo alicheka, kisha akalia, na hakuna aliyemtania. Baba alisoma mara mbili. Akasema kwamba Bibi amekosea, kwamba hakuna barua yoyote iliyokuja katika nyumba hii, na kwamba kama ingekuja angeijibu siku hiyo hiyo hata kwa mkaa. Alisema hivyo akinitazama mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa karibu. Mimi nikachukua birika nikaenda kuongeza maji.

Sasa nimefika pale ninapopenda kuruka, na nimeahidi sitaruka.

Barua yako ilikuja, Mama. Ilikuja wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, mwaka ule ule ulipoondoka. Niliitoa mimi kwenye sanduku la barabarani nilipotoka shule, na ile saba ilikuwa kwenye namba ya nyumba yetu. Sikuifungua. Niliiweka ndani ya kitabu changu cha jiografia, na Jumamosi, nilipotumwa kuwasha moto wa sauna, niliitia ndani ya jiko la sauna, chini ya magome ya mti wa mbetula. Iliwaka haraka sana.

Nilikuwa karibu kutimiza miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nakumbuka siku ile pikapu ilipoingia mtaroni na mimi nikiwa ndani, na jinsi ulivyoniambia nimwambie Baba kwamba ni kulungu alikatiza. Nilikuwa nakumbuka chupa ndani ya pipa la shayiri. Nyumba ilikuwa imetulia na nilitaka iendelee kutulia. Na bado nilikuwa nakulilia, hayo mawili yalikuwamo pamoja, sijui niyaeleze vipi. Sisemi haya ili nijitetee. Kilichofuata ndicho kibaya zaidi: Baba alikwenda kwenye lile sanduku kila siku mpaka Krismasi. Alikuwa akivaa koti, anakwenda, anachungulia, anarudi na gazeti, na mimi namtazama dirishani.

Kwa hiyo aliyekunyamazia si Baba. Ni mimi. Na wewe ukadhani hatukutaki, ukawa unakuja, nadhani kwa basi, kuchuma beri karibu na nyumba yako mwenyewe kama mwizi, ukaniokea mkate na kumwachia mtu mwingine shukrani zake.

Nilimwambia Baba juzi Ijumaa, baada ya shule, tulipokuwa tukikata nyama ghalani. Niliyasema yote bila kupumua. Alikiweka kisu chini taratibu. Akatoka nje akapasua kuni, akapasua mpaka baba mdogo Toivo akachungulia na kuuliza kama tunajiandaa kwa majira mawili ya baridi. Mimi nilisimama pale pale na aproni yangu, nikingoja kuadhibiwa. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu kwa baridi, au kwa jambo jingine. Aliniuliza swali moja tu. Aliuliza kama ile bahasha ilikuwa nene au nyembamba.

Nilimwambia ilikuwa nene.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei akairidhia. Akasema vema, basi Elaine alikuwa na mengi ya kusema. Kisha akaniwekea mkono kichwani, wenye damu ya kulungu na vumbi la kuni, nami sikuuondoa. Akasema niandike mimi, kwa sababu yeye hajui pa kuanzia. Baba mdogo Toivo alishauri tupige simu dukani, lakini Baba alisema mtu haitwi kwa jambo kama hili mbele ya wateja wanaosubiri soseji.

Friza tumeichomeka, na inanguruma usiku na mchana. Vifurushi vyako vyote vimerudishwa ndani kama ulivyovipanga. Kulungu wetu wawili, ukiacha paja lile la Ijumaa, bado wananing'inia ghalani kwa sababu Baba hataki kitu chochote kiwekwe juu ya vifurushi hivyo. Baba mdogo Toivo anamwambia kila mgeni kwamba hapa ndipo pekee katika wilaya nzima ambapo watu wamenunua friza kubwa kama mashua ili kuhifadhi mkate mmoja. Lakini nimemwona akiufungua mfuniko akautazama mkate, kisha akafunga bila kugusa.

Sikuombi unisamehe kwa posta, maana najua hilo si jambo la kujibiwa kwa haraka. Ukitaka kukaa na hasira miaka minne kama nilivyokaa mimi, ni haki yako. Nakuomba tu ujue kwamba ilikuwa ni mimi, ili usiendelee kumhesabia Baba.

Baba mdogo Toivo anakusalimu na anasema ahsante kwa beri ambazo hajaruhusiwa kuzila. Musti angekusalimu kama angekuona. Baba hakusema nikusalimu, lakini asubuhi hii aliniletea stempu tatu, na nilipomwambia barua ya kawaida inahitaji moja, alisema niandike mpaka zote tatu zihitajike.

Sasa naomba unijibu jambo moja kwa posta ya kwanza, maana tarehe tano Desemba haiko mbali. Mkate huu niutoe mwenyewe tarehe nne uyeyuke taratibu mezani, kama Bibi Lempi alivyokuwa akifanya, au niuache mumo humo kwenye friza mpaka utakapofika kuutoa wewe?

Binti yako,
Taimi