Mshono wa Binti Yako

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Jana jirani alileta paka wake, ubavu umechanika. Nilimchunguza, nikamlaza kwa sindano, kisha kazi ya kushona nikamwachia binti yako, muuguzi wangu. Mimi nilisimama pembeni nikimwelekeza, mikono mfukoni.

Jirani akachungulia mlangoni. "Daktari, mbona anashona muuguzi?"

"Kwa sababu mkono wake umetulia," nikamjibu. Mshono wenyewe ulinyooka kama upindo wa gauni la harusi.

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Siku hizi mkono unanitetemeka, basi namtamkia, naye anaandika. Binti yako ni hodari, kaka. Neno hilo aligoma kuliandika mpaka nilipomkumbusha kwamba daktari hapa ni mimi.

Sahihi ni yangu mwenyewe, hiyo iliyopinda.

Mdogo wako