Mpunga wa Mama Umegoma Kuchanua

Jumanne. Ukungu hapa Giheke haukuondoka hadi karibu saa nne.

Sina hamu ya kuandika, lakini kukaa kimya kunaniumiza zaidi.

Asubuhi nilishuka bondeni nimevaa sweta mbili. Mpunga wa majirani umeinama, masuke yamegeuka manjano. Wangu ni majani tu. Umenona, umependeza, na hauna hata ua moja.

Mbegu ni ya Mama. Mto ulipokula shamba lake kule Bugarama, alinipa mbegu yote iliyobaki, maana huko hakuna mwingine anayeipanda tena. Mimi na kiburi changu nikaikataa mbegu ya ushirika, nikamwaga ya Mama yote kitaluni. Sikubakiza hata kiganja. Niliona kama nimempandisha Mama mwenyewe akae nami huku mlimani.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa kabla msimu haujaisha.

Nilianza kwa kulilaumu jua. Dada agronomi wetu, mtaalamu wa kilimo wa ushirika, akanieleza kwa upole kwamba kuna mimea inayongoja mchana ufupike au urefuke ndipo ichanue, lakini kwetu mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, Bugarama na Giheke sawasawa. Tofauti ni joto. Mbegu hii imezoea kule watu wanakolala bila shuka, na baridi ya usiku wa huku inaichelewesha. Hata ikichanua sasa, akasema, baridi ikiikuta kwenye maua, masuke yanaweza kutoka matupu.

Nilimshukuru. Moyoni nilimchukia kidogo.

Na hata huo muda wa kungoja sina. Maji ya bonde letu ni mamoja. Mpunga wa wengi ukiiva, mashamba yote yanakaushwa siku moja, la sivyo maji yangu yatavuja kwao na mavuno yao yataoza. Nilimwomba mzee wa maji, anayesimamia mifereji yetu, aniachie kona moja tu. Alitazama majani yangu.

"Maman, batu bote banakausha kesho," akasema. "Na kwako utafungula weye mwenyewe. Hakuna muntu anagusa shamba ya mwenzake."

Ndiyo desturi. Kila mtu hukata tuta lake kwa jembe lake ili maji yatoke, na mpunga wangu utakauka kabla ya kuchanua. Siwezi kumkasirikia, ana watoto wa kulisha kama mimi.

Jioni Mama akapiga simu. Aliuliza kama mpunga wetu umetoa maua.

Nikasema ndiyo.

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akasema, "Unichagulie masuke ya muzuri, mwanangu. Nitaweka mbegu tena mu kibuyu."

Nimechoka, hata machozi hayatoki. Kesho nitakata tuta kwanza, ndipo nimpigie Mama. Nikisikia sauti yake, nitaanza na neno gani?